Mwana wa Chifu Asiye na Kwao: Kicheko na Uongo katika Nyumba ya Rigsby

Nyumba ya kupanga ni mtaji wa futuhi usiokwisha. Watu wasiochaguana, ambao pengine wasingeamkiana njiani, hufungwa pamoja na kodi: ngazi ni moja, bafu ni moja, mlango wa mbele ni mmoja, na ukuta baina ya chumba na chumba ni mwembamba kiasi cha siri ya mmoja kumfikia mwenziwe kabla haijamalizika kusemwa. Mtunzi hana haja ya kubuni sababu ya wahusika wake kukutana, kwani maji ya kuoga yanatosha. Haya anayajua kila aliyewahi kuishi katika nyumba ya vyumba sita ya Majengo, iwe Majengo ya Mombasa au ya Nairobi, ambako ukumbi wa katikati ni njia, ni baraza, na ni mahakama kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mfano unaochunguzwa katika makala haya ni wa Kiingereza, nao umechaguliwa kwa sababu moja tu: miongoni mwa wapangaji wake watatu yumo mmoja anayedai kuwa ni Mwafrika.

Mchezo wenyewe ni Rising Damp, ulioandikwa na Eric Chappell na kutolewa na kampuni ya Yorkshire Television kupitia mtandao wa ITV baina ya 1974 na 1978, jumla ya vipindi 28. Jina lake ni la maradhi ya nyumba kongwe: ule unyevu unaopanda ukutani kutoka ardhini, ukabambua rangi na kuacha madoa na harufu. Chimbuko la mchezo huu ni tamthilia ya jukwaani ya Chappell, The Banana Box, iliyoigizwa miaka ya mwanzo ya 1970, wakati mtunzi alipokuwa bado na kazi ya ukaguzi wa hesabu katika bodi ya umeme. Pengine ndipo alipojifunza kutazama kwa jicho la mkaguzi, kwani futuhi yake haina mambo makubwa. Ina vyumba, paka aitwaye Vienna, chai, fulana ya sufi iliyochakaa, na mtu anayehesabu senti za wenziwe.

Mtu huyo ni Rigsby, mwenye nyumba, aliyeigizwa na Leonard Rossiter kwa wepesi wa ajabu wa uso na mwili. Nyumba yake ni ya orofa, ya aina iliyojengwa enzi ya Malkia Victoria kwa ajili ya familia moja yenye nafasi, na sasa imekatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha katika mji wa chuo kikuu usiotajwa jina. Wapangaji wake wa kudumu ni Alan, kijana mwenye nywele ndefu anayesomea udaktari; Bi. Ruth Jones, mtumishi wa chuo kikuu aliyekwisha kuuaga ujana bila kuagana na matumaini yake; na Philip Smith, mwanafunzi mweusi, mtanashati, mpole wa sauti, anayejitangaza kuwa ni mwana wa chifu wa Afrika mwenye wake kumi. Rigsby anamtaka Bi. Jones. Bi. Jones anamtaka Philip. Philip hamtaki yeyote kati yao, ila hukitaka chumba. Katika mviringo huu wa haja zisizokutana ndimo vipindi vingi vinamozunguka, na si haba jinsi mtunzi anavyoweza kuuzungusha bila kumchosha mtazamaji.

Mtazamaji aliyelelewa katika Kiswahili atagundua jambo moja mapema kuliko mtazamaji wa Kiingereza: katika nyumba hii hakuna hodi. Rigsby huingia. Hufungua mlango wa chumba alichokwisha kukipokelea kodi, akasimama katikati ya maisha ya mtu kana kwamba yeye ndiye aliyekatizwa, kisha akaanza kulalamika. Hodi, kama ijulikanavyo, si neno la adabu tu. Ni neno la mipaka: anayelitamka anakiri kwamba upande wa pili wa mlango mna mtawala mwingine, hata kama mlango wenyewe ni wa kwake. Rigsby hakiri hivyo. Kwake mpangaji ni mgeni asiyekwisha kuondoka. Nusu ya vichekesho vya mchezo huu vimejengwa juu ya kuingia huku kwa ghafla, nao waigizaji wanakucheza vizuri sana, lakini chini ya kicheko mna suala la nguvu ambalo mtunzi hakulibuni mwenyewe. Lilikuwa katika sheria.

Sheria ya Uingereza ya Mahusiano ya Rangi ya 1965 haikugusa nyumba. Ni ile ya 1968 ndiyo iliyoharimisha kumnyima mtu chumba kwa sababu ya rangi yake, na hata hiyo ilisamehe nyumba ndogo ambamo mwenye nyumba mwenyewe anaishi na kushirikiana na wapangaji katika baadhi ya sehemu zake. Ikaja Sheria ya Kodi ya 1974, iliyowapa ulinzi wapangaji wa vyumba vyenye samani wasifukuzwe ovyo. Nayo pia ikamtoa katika hesabu mwenye nyumba akaaye humo humo. Kwa hivyo, mwaka ule ule mchezo ulipoanza kuonyeshwa, Rigsby alikuwa miongoni mwa watu wachache waliobakiwa na uwezo wa zamani. Anaweza kukataa na anaweza kufukuza. Kila mzaha unaotamkwa ngazini unatamkwa chini ya uwezo huo, na mwenye kuusahau atausoma mchezo huu kama ugomvi wa majirani walio sawa. Hawako sawa. Jirani hamfukuzi jirani.

Ni katika hali hiyo ambapo uongo wa Philip unapata maana yake. Rigsby anampokea kwa shingo upande. Lakini anaposikia habari za uchifu, dharau yake inachanganyika na jambo jingine ambalo hawezi kulitawala, nalo ni heshima ya Mwingereza wa tabaka la chini kwa mtu yeyote mwenye nasaba. Mtu mweusi angempa mgongo, lakini mwana wa mtawala hawezi. Afrika anayoijua Rigsby ameipata katika filamu, nayo ina ngoma, vyungu vikubwa, waganga na wanawake wengi. Philip anaitambua Afrika hiyo mara moja na kumrudishia kama ilivyo, ila ameipandisha bei. Hapingi hata ujinga mmoja wa Rigsby. Huuongezea chumvi, akautoa kwa uso mkavu na sauti ya mtu aliyezoea kutii na watu, kisha akangoja. Hii ni silaha ya mnyonge aliyekwisha kumsoma mwenye nguvu, na wapenzi wa hadithi za Abunuwasi au za sungura na fisi hawatahitaji kuelezwa namna inavyofanya kazi.

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa mti wa mapenzi. Philip anamwaminisha Rigsby kwamba kwao kuna mti ambao moshi wake humlainisha mwanamke yeyote, naye Rigsby, aliyekuwa akiyacheka mambo ya kishenzi muda si mrefu uliopita, anakipokea kipande cha mti huo kwa mikono miwili na kwenda kukichoma kwa ajili ya Bi. Jones. Baadaye inafichuka kwamba kipande hicho kimevunjwa kutoka katika kabati la nguo. Vichekesho hapa vina ngazi zaidi ya moja. Anayeamini uganga ni Mzungu, wala si Mwafrika. Na hilo mtazamaji yeyote ataliona. Lakini kabati lenyewe ni la nani? Ni samani ya chumba, yaani mali ya Rigsby. Mwenye nyumba anaifukiza nyumba yake kwa nyumba yake mwenyewe, na Afrika iliyomlevya imetengenezwa kwa mbao alizozinunua yeye. Chappell hakulifafanua jambo hili, na kutolifafanua kwake ni dalili ya kipaji.

Utetezi wa kawaida wa mchezo huu hukomea hapo. Husemwa kwamba kicheko kinamwendea Rigsby. Kwamba Philip ndiye mwerevu, mstaarabu na mtanashati kuliko wote. Kwamba mchezo huu usilinganishwe na Love Thy Neighbour, wa 1972 hadi 1976, ambamo majirani wawili, mweupe na mweusi, walitukanana wiki baada ya wiki mpaka tusi likawa ndilo kichekesho chenyewe. Utetezi huo ni wa haki. Mtu akiiweka michezo hii miwili bega kwa bega, Rising Damp unashinda kwa fani na kwa utu. Vile vile mtunzi aliepuka mtego uliomnasa Johnny Speight katika Till Death Us Do Part, ambao mhusika wake Alf Garnett aliundwa ili achekwe kwa chuki zake, na baadhi ya watazamaji wakamshangilia kwa chuki hizo hizo. Rigsby ni mpweke mno na mwoga mno kushangiliwa. Hata hivyo, suala la nani anayechekwa halimalizi suala la kicheko. Lipo pia suala la kitu kinachochekewa, na kitu hicho katika nyumba ya Rigsby ni Afrika, ambayo haimo chumbani kujibu.

Hapa mwanaisimu ana neno la kusema kabla ya mhakiki. Neno la Kiingereza analolitumia Philip, lile ambalo Kenya ilikwisha kulifanya chifu, haliwezi kuhamishwa katika Kiswahili bila kuuharibu uongo wake. Chifu wa Kenya ni mtumishi wa serikali. Aliwekwa na utawala wa kikoloni katika sehemu nyingi ambazo hazikuwa na watawala wa namna hiyo, na mwanawe hapigiwi magoti na mtu. Mfasiri akichagua mtemi, ataipeleka nyumba yote Unyamwezini au Usukumani, na tena itambidi akumbuke kwamba Tanganyika iliondoa mamlaka ya watemi kisheria 1963. Akichagua jumbe au liwali ataingia katika historia ya pwani na ya Wadachi, ya Sultani na ya Waingereza. Mfalme ni mkubwa mno. Kila neno la Kiswahili lina mahali pake na tarehe yake, ilhali neno la Kiingereza halina, na ndiyo sababu linamfaa Philip. Analihitaji neno linaloweza kumaanisha Afrika nzima pasipo kumaanisha mahali popote. Kwa kawaida Afrika yake haitajwi kwa nchi wala kwa lugha. Wenzake nyumbani wanamuuliza mengi kuhusu wake kumi, na ni nadra mtu kushughulika na lile swali ambalo mpangaji mpya wa Majengo angeulizwa hata kabla hajatua godoro: kwenu ni wapi?

Baadhi ya wasomi huenda wakaona kwamba kinachotokea baina ya Rigsby na Philip ni utani, na dhana hiyo inastahili kupimwa kwa makini, kwani Radcliffe-Brown alipoandika juu ya mahusiano ya mzaha katika 1940 aliuona utani kuwa ni njia ya kuwaweka pamoja watu ambao huenda wangegombana. Nyumba ya kupanga ni mahali panapohitaji dawa hiyo. Na kwa hakika baina ya Alan na Philip, walalao chumba kimoja, utani upo kamili: kila mmoja anamchokoza mwenzake, kila mmoja anajua kwamba anachokozwa, na hakuna anayenuna kwa muda mrefu. Lakini utani una masharti. Mtani lazima ajue kuwa ni mtani. Leo nikudhihaki, kesho unidhihaki, na siku ya msiba tutakutana kaburini tukiwa na kazi za kufanya. Rigsby hajui kwamba anataniwa. Anadhani anafundishwa jiografia. Na Philip, kwa upande wake, anapotaniwa na Rigsby hapati mzaha bali hukumu ya mtu anayeshika ufunguo. Pande zote mbili zinacheka au kuchekwa, lakini hazichezi mchezo mmoja. Hilo si utani. Ni vita vya chini kwa chini vilivyoazima mavazi ya utani, na uzuri wake wa kisanaa unatokana na kwamba upande mmoja haukupata habari za vita.

Kuna fundo jingine ambalo mtazamaji wa televisheni peke yake asingeweza kulifungua. Katika tamthilia ya jukwaani inadhihirika mwishoni kwamba mwana wa chifu si mwana wa chifu, wala hakutoka Afrika. Ametoka Croydon, kusini mwa London. Filamu ya 1980, iliyotengenezwa baada ya kifo cha Richard Beckinsale aliyekuwa Alan, ililitamka jambo hilo tena. Mfululizo wa televisheni haukulitamka. Kwa muda wa miaka minne, basi, watazamaji walimwona Mwafrika, wakacheka pamoja naye, ilhali mtunzi alijua tangu mwanzo kwamba katika nyumba ile hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Yafaa pia ikumbukwe kwamba mwigizaji mwenyewe, Don Warrington, alizaliwa Trinidad na kukulia Newcastle: mtoto wa Karibi, aliyelelewa Uingereza, anaigiza kijana wa Croydon anayeigiza Mwafrika. Katika tabaka hizo zote Afrika ni vazi.

Ufunuo wa Croydon unaweza kusomwa kwa njia mbili, na zote mbili zina ukweli. Kwanza, unamzidishia Philip huzuni na heshima. Kijana mweusi mzaliwa wa Uingereza amegundua kwamba kuwa mwenyeji hakumpatii kitu, bali kuwa mgeni mwenye cheo kunampatia chumba. Rigsby hawezi kumpa nafasi mtu wa Croydon mwenye ngozi nyeusi, kwa sababu katika akili yake mtu kama huyo hayupo. Anaweza kumpa mwana wa chifu. Philip anajibuni kuwa mgeni ili apate kukaa kwao. Hakuna sentensi yoyote katika mchezo inayolisema jambo hili, na ni kali kuliko vichekesho vyote vya Rigsby vikiwekwa pamoja, hasa ikikumbukwa kwamba 1968, mwaka ule ule wa sheria iliyotajwa hapo juu, ndio ambao bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza wasiingie. Kuwa Mwingereza kwa karatasi na kuwa Mwingereza mlangoni yalikuwa mambo mawili.

Pili, ufunuo huo unaeleza kwa nini uongo wa Philip ni mwepesi. Haumgharimu. Anayeisema Afrika kwa uongo si mtu mwenye mama huko anayengoja barua. Hana lugha ya kusahau. Na hapa dalili ilikuwa wazi tangu kipindi cha kwanza kwa yeyote mwenye masikio: Kiingereza cha Philip hakina lugha nyingine chini yake. Ni kizuri kuliko cha Rigsby, laini, kisicho na alama ya mahali. Mtu anaweza kupinga kwamba wapo wana wa watawala wa Kiafrika waliosema Kiingereza cha namna hiyo, na atakuwa sahihi. Seretse Khama, mrithi wa Bangwato, alisoma Oxford na London, akamwoa Mwingereza aliyeitwa Ruth Williams katika 1948, akafukuzwa kwao na serikali ya Uingereza kwa sababu ya ndoa hiyo, na hatimaye akawa rais wa kwanza wa Botswana 1966. Kwamba mpangaji anayemtamani mwana wa chifu katika nyumba ya Rigsby naye anaitwa Ruth huenda ni sadfa tupu. Lakini tofauti inasaidia: Seretse alikuwa na watu waliomjua, waliomjadili hadharani katika mabaraza yao, na ambao neno lao lilikuwa na uzito kwake. Philip ana wake kumi na hana hata mtu mmoja.

Ili kulipima jambo hili, hakuna kitabu kinachofaa kuliko Second-Class Citizen cha Buchi Emecheta, kilichotoka 1974, yaani mwaka ule ule Rigsby alipoanza kuingia vyumbani bila hodi. Adah, Mnigeria aliyemfuata mumewe London, anatafuta chumba. Anapompigia simu mwenye nyumba anabana pua yake ili sauti isimsaliti, kwani pua iliyoachwa huru ingesema Afrika. Hila inafaulu katika simu na kuanguka mlangoni: mwanamke mwenye nyumba anapoziona nyuso zao, chumba kinakuwa kimekwisha kuchukuliwa. Tukio hili nalo ni futuhi, na Emecheta analiandika kwa ucheshi wenye meno. Shairi la Wole Soyinka, Telephone Conversation, linalofahamika sana katika shule za Afrika Mashariki, lina mkasa wa jamaa moja nalo. Lakini ni futuhi iliyopinduliwa. Mtu wa Croydon anaitangaza Afrika ili apewe chumba. Mwafrika anaibana puani. Wa kwanza ana sauti isiyo na Afrika, nayo hakuna anayeisikia. Wa pili ana sauti yenye Afrika, nayo inasikika hata anapoizuia. Kinachomwokoa Philip ni kule kuwa na nasaba ya kubuni, na Adah, msomi, mfanyakazi wa maktaba, mke wa mtu, hana cha kubuni kwa kuwa maisha yake ya kweli yamesimama mlangoni yakionekana. Na alipopata chumba alikipata kwa Mnigeria mwenzake, Pa Noble, ambaye nyumba yake ni chakavu kupita ya Rigsby.

Hatua moja zaidi inaufikisha uchunguzi huu karibu na nyumbani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, alitoa riwaya yake Admiring Silence katika 1996. Msimulizi wake, ambaye hatajwi jina, ni mwalimu jijini London aliyetoka kisiwani baada ya mapinduzi, naye anaishi na mwanamke Mwingereza, Emma. Baba yake Emma, Bwana Willoughby, ana kiu isiyoisha ya habari za himaya, na msimulizi anamnywesha. Anamtungia visa vya wema wa wakoloni na vya upumbavu wa waliotawaliwa, kila kisa kikiwa kitamu kuliko kilichotangulia, na mzee anaomba kingine. Kwa sura ya nje huyu ni Philip. Mbinu ni ile ile: kumpa mwenye nyumba Afrika anayoitaka, na kufurahia kimyakimya ulafi wake. Msomaji anacheka, na kurasa hizo ni miongoni mwa zile za kuchekesha kabisa alizopata kuandika Gurnah.

Lakini msimulizi huyu ana kwao. Uongo uliozoea kumchezea Bwana Willoughby haukubaki sebuleni. Umekwenda hadi chumbani, kwani Emma naye ametungiwa familia ambayo haikuwa vile, baba ambaye hakuwa baba, utoto uliosafishwa. Na kwa upande wa pili wa bahari, mama hakuambiwa kwamba kuna Emma, wala kwamba kuna mjukuu aitwaye Amelia. Anapokwenda kisiwani baada ya miaka mingi, jamaa wamekwisha kumtafutia mchumba. Ukweli unatoka, na anaporudi London, Emma anamwacha. Mbao za kabati alizozivunja huyu zilikuwa za nyumba yake mwenyewe. Chappell hakuweza kuandika tukio hilo, si kwa kukosa kipaji, bali kwa kuwa fani yake haimruhusu: futuhi ya vipindi hurejesha kila kitu mahali pake kabla ya wiki ijayo, na mhusika asiye na kwao ndiye anayeweza kudumu ndani yake bila kuchakaa.

Mtu akitaka kuuhamishia mchezo wa Chappell katika Kiswahili, kazi ambayo ingewafaa sana wanafunzi wa tamthilia, hatapata taabu na Rigsby. Mwenye nyumba wa namna hiyo anajulikana kila mtaa, na fulana yake pia. Bi. Jones na Alan watavuka bila shida. Taabu itaanza Philip atakapoingia na sanduku lake mbele ya hadhira ya Kisumu, Tanga au Mombasa na kusema kwamba baba yake ni chifu. Kabla Rigsby hajafungua kinywa, mtu wa safu ya mbele atakuwa amekwisha kuuliza kwenu ni wapi, na mfasiri, ambaye haruhusiwi kuitaja Croydon mpaka onyesho la mwisho, itambidi awe na jibu.